Gavana wa Zamani na Gavana wa Leo: Maswali Yanayoulizwa Barazani Katilu

Kila tunapofanya baraza la elimu ya uraia hapa Katilu, kaunti ya Turkana, kuna swali ambalo halikosi. Umemaliza kueleza bajeti ya kaunti, watu wamekaa kivulini chini ya mgunga, na mzee mmoja aliyeketi juu ya ekicholong, kigoda chake, anainua fimbo: "Huyu gavana mnayemtaja ni yule yule wa Wazungu, au ni mwingine?"

Vijana hucheka, lakini swali la mzee si la kuchekwa. Jina la cheo ni lile lile, na wapo miongoni mwetu waliozaliwa wakati jina hilo lilikuwa la mtu asiyechaguliwa na yeyote hapa, ambaye saini yake ilitosha kuifunga Turkana nzima. Anayeuliza ana haki ya kujibiwa hatua kwa hatua. Yafuatayo ni maswali yanayorudi mara kwa mara, pamoja na majibu yake.

Gavana wa mkoloni alikuwa nani?

Alikuwa mwakilishi wa mfalme au malkia wa Uingereza katika koloni. Aliteuliwa London, na ni London pekee iliyoweza kumwondoa. Hakupigiwa kura na Mturkana, Mluo, Mkikuyu wala Mswahili. Alikuwa amiri wa majeshi katika koloni, hakuna sheria iliyoanza kazi bila idhini yake, na amri zake zilitangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, lililoandikwa kwa Kiingereza na kusomwa na wachache mno.

Chini yake walikuwepo mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya ambaye watu walizoea kumwita DC, na mwishoni chifu. Amri ilishuka kwa ngazi hizo, wala hapakuwa na ngazi nyingine ya kupandishia malalamiko. Mfugaji wa Katilu aliyeonewa na askari alikuwa na mahali pamoja tu pa kulalamika, kwa mkubwa wa askari huyo huyo.

Miongoni mwa magavana wa Kenya walioacha alama zao kwetu ni Edward Grigg (1925 hadi 1930), Joseph Byrne (1931 hadi 1936), Evelyn Baring (1952 hadi 1959) na Patrick Renison (1959 hadi 1962). Wa mwisho alikuwa Malcolm MacDonald, aliyekuwa madarakani nchi ilipopata Uhuru mwaka 1963.

Je, Turkana ilikuwa sehemu ya Kenya tangu mwanzo?

Hapana. Waingereza walipogawanya usimamizi wa nchi hizi, ardhi ya magharibi mwa ziwa ilihesabiwa kuwa ya Uganda, ikiitwa Mkoa wa Rudolf, jina walilolipa ziwa letu wasafiri wa Ulaya mwaka 1888. Ilihamishiwa Kenya mwaka 1926. Hakuna mzee wa Turkana aliyeulizwa kama anataka kuwa wa huku au wa kule.

Hata kabla ya hapo, serikali iliwajia watu ikiwa na bunduki. Kati ya 1915 na 1918 vikosi vya kikoloni vilifanya misafara ya kijeshi mmoja baada ya mwingine, ukiwemo ule mkubwa wa Labur mwaka 1918. Silaha zilichukuliwa na maelfu ya mifugo yakaswagwa. Jina la Ebei, kiongozi wa vita aliyewapinga, bado linatajwa hadi leo. Kwa jamii inayoishi kwa maziwa, damu na nyama ya mifugo yake, kuswagiwa kundi ni sawa na kuchomewa ghala. Ndivyo Waturkana walivyoanza kuifahamu serikali, na ndiyo sababu hadithi za wazee kuhusu utawala huwa na neno "kunyang'anywa" mahali ambapo vitabu vimeandika "kutuliza".

"Wilaya iliyofungwa" maana yake nini?

Hapa ndipo kwenye kiini cha jambo. Mwaka 1902 utawala wa kikoloni ulitunga Sheria ya Wilaya za Pembezoni. Chini ya sheria hiyo, wilaya ikishatangazwa kuwa imefungwa, mtu asiye mwenyeji hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Mfanyabiashara, mhubiri, mwandishi wa habari, hata jamaa aliyetaka kutembelea watu wake, wote walihitaji karatasi.

Mwaka 1934, wakati wa Gavana Byrne, ikaongezwa Sheria ya Utawala wa Wilaya Maalumu. Hii ilikuwa kali zaidi. Iliruhusu watawala kuwawekea watu mipaka ya mahali pa kuishi na kuchunga. Iliruhusu jamii nzima kutangazwa kuwa na uadui, watu wake wakamatwe na mifugo yao ishikwe kwa kosa la wachache. Kijana mmoja akiiba ngamia, ukoo mzima unalipa.

Ili kuona sheria hizi zilivyomgusa mtu, chukua mfano wa mama mwenye mbuzi ishirini kando ya mto Turkwel. Mvua imenyesha upande wa pili wa mpaka aliowekewa, na majani yameota huko. Mababu zake walifuata mvua bila kumuuliza mtu. Sasa akivuka ni mhalifu, na akibaki mbuzi wanakufa. Ukitaka kumbana mfugaji huna haja ya kumjengea ukuta, kwa kuwa ukimzuia kutembea msimu mmoja tu umekwisha kumfilisi.

Kufungwa huku kuliacha alama hata katika mazungumzo. Lodwar, mtu akipanda gari kuelekea Kitale, wazee walisema anakwenda Kenya. Wakati mwingine utawasikia wakisema hivyo mpaka leo. Wanaoyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza hudhani ni mzaha, kumbe ni kumbukumbu ya kizuizi kilichokuwepo kweli.

Je, magavana hao hawakuleta mageuzi yoyote mema?

Yalikuwepo mageuzi, na haki itendeke katika kuyataja. Mwaka 1924 yalianzishwa mabaraza ya wenyeji, yaliyowapa Waafrika wa baadhi ya wilaya nafasi ya kujadili barabara, shule na kodi zao. Mwaka 1944 Eliud Mathu aliteuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1947 kipande, ile karatasi ambayo wanaume Waafrika walilazimika kuibeba, kilifutwa na mahali pake pakaja kitambulisho cha watu wote. Mwaka 1954, chini ya Gavana Baring, ukaja Mpango wa Swynnerton, uliolenga hati miliki za ardhi, kahawa, majani chai na ng'ombe wa maziwa kwa wakulima Waafrika. Mwaka 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao wanane kwa mara ya kwanza.

Sasa itazame ramani. Kahawa haioti Lokichar. Hati miliki ya shamba haimfai anayehama na mifugo. Mageuzi yalipangwa kwa ajili ya nyanda za mvua na njia ya reli, na ng'ambo ya Kapenguria yakakauka. Kule wanafungua shule, huku wanafungua kambi ya polisi.

Kitu kimoja kikubwa ambacho magavana walikileta Turkana kilikuwa jela. Baada ya kesi ya Kapenguria, Jomo Kenyatta na wenzake, wakiwemo Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba, walipelekwa Lokitaung mwaka 1953. Mwaka 1959 Kenyatta alimaliza kifungo lakini hakuachiliwa. Alihamishiwa Lodwar na kuwekewa mipaka, akakaa hapo hadi 1961 alipopelekwa Maralal. Nyumba aliyoishi Lodwar ingalipo. Ukisimama mlangoni pake saa nane mchana, jua limewaka na upepo unakupuliza vumbi usoni, unaelewa kwa nini walipachagua. Palikuwa mbali, palikuwa pamefungwa, na mtu asingefika bila kibali. Kwa serikali ile, nchi yetu tunayoiita nyumbani ilikuwa adhabu ya kumpa mtu.

Lango lilianza kulegea kwa sababu ya njaa. Ukame wa 1960 na 1961 ulipoimaliza mifugo, zilifunguliwa kambi za chakula na wamisionari wakaruhusiwa kuingia kwa upana zaidi. Kilimo cha kumwagilia maji hapa Katilu, kwa mifereji inayotoka mto Turkwel, kilianzishwa baadaye katika miaka ya 1960, baada ya Uhuru, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Mtama na mahindi tunayovuna kwenye mashamba yale si zawadi ya gavana yeyote wa mkoloni.

Je, kwingine mageuzi ya wakoloni yalikuwa tofauti?

Tazama visiwani Zanzibar, eneo dogo ambalo Waingereza walilichukua kuwa himaya yao mwaka 1890. Mwaka uliofuata mwakilishi wao, Gerald Portal, alichukua hazina ya nchi mikononi mwake, akampangia Sultani posho ya mwaka, na kumweka Lloyd Mathews kuwa waziri mkuu. Hesabu zikanyooka, na mwaka 1892 bandari ikatangazwa kuwa huru kwa ushuru. Vitabuni hayo huitwa mageuzi. Mzanzibari wa kawaida hakuulizwa.

Kisha ikaja amri ya Aprili 1897 ya kuondoa utumwa, iliyotolewa kwa jina la Sultani Hamoud bin Mohammed kwa shinikizo la Uingereza. Lilikuwa jambo jema lililochelewa mno. Lakini iangalie kwa karibu. Mtumwa hakuwa huru siku ile ile. Ilimpasa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na aonyeshe ana pa kukaa na njia ya kujipatia riziki. Fidia ilikwenda kwa aliyekuwa bwana wake. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo, na ikawabidi wangoje sheria ya 1909.

Kati ya Unguja na Turkana kuna mwendo mrefu wa bara na bahari, lakini kilichotokea kinafanana. Mageuzi yaliyoandikwa bila anayehusika kuwepo humwachia yeye kazi ya kuyatafuta. Waswahili wana msemo wao kuhusu hili: asiyekuwepo na lake halipo.

Basi Uhuru wa 1963 ulifungua lango?

Bendera ilibadilika, sheria zikabaki. Sheria ya Wilaya za Pembezoni na ile ya Wilaya Maalumu ziliendelea kuwemo katika vitabu vya Kenya huru. Mwaka 1965 serikali ilitoa waraka wake maarufu wa kikao nambari 10, uliosema fedha za maendeleo ziwekezwe mahali zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri na mvua ya kutosha. Kwa maneno mengine, kwingine na si kwetu. Ukame wa 1979 hadi 1981, ambao wazee wanauita Lopiar kwa jinsi ulivyofagia kila kitu, ulitukuta bado tukisubiri.

Sheria hizo mbili zilifutwa mwaka 1997, katika mageuzi yaliyokubaliwa na wabunge wa vyama mbalimbali kabla ya uchaguzi mkuu wa mwaka huo. Hesabu mwenyewe: kutoka 1902 hadi 1997 ni miaka 95. Mtu aliyezaliwa Katilu mwaka 1970 alifika miaka 27 akiishi katika nchi ambayo sheria zake zilimruhusu mtawala kuifunga wilaya yake.

Gavana wa leo ana tofauti gani na yule?

Tofauti ni ya shina. Gavana wa kaunti anatokana na Katiba ya 2010, na kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Anachaguliwa na wapiga kura wa Turkana, na hawezi kuhudumu zaidi ya vipindi viwili vya miaka mitano. Hatungi sheria za kaunti. Hiyo ni kazi ya bunge la kaunti, lenye wawakilishi kutoka wadi zetu 30, Katilu ikiwa mojawapo. Hawezi kutumia shilingi ya kaunti ambayo bunge hilo halikuidhinisha.

Tena anaweza kuondolewa. Hoja ikiungwa mkono na theluthi mbili ya wawakilishi wa bunge la kaunti, inapelekwa Seneti kusikilizwa na kuamuliwa. Hilo halikuwezekana kabisa kwa Grigg wala Baring.

Katiba pia inatambua kwamba maeneo kama letu yaliachwa nyuma. Kaunti zote kwa pamoja zinapaswa kupata angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Zaidi ya hapo, kuna Mfuko wa Usawazishaji, unaotengewa nusu ya asilimia moja ya mapato, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa.

Tumlaumu gavana kwa kila kitu?

Hapana. Ukimlaumu asiyehusika, anayehusika anapumua. Shika mgawanyo huu.

Kaunti inashughulikia zahanati na hospitali za kaunti, shule za chekechea, maji ya vijijini, kilimo na mifugo, masoko, na barabara za kaunti. Zahanati ikikosa dawa au mfereji wa kijiji ukiziba, mlango wa kubisha ni wa kaunti.

Serikali ya kitaifa inashughulikia usalama, polisi, shule za msingi na za upili, vitambulisho, na barabara kuu kama ile ya Kitale hadi Lodwar. Chifu na naibu wake ni watu wa serikali ya kitaifa. Wizi wa mifugo na mashambulizi ya barabarani upande wa Kainuk ni wajibu wa serikali ya kitaifa kwanza, ingawa gavana anaweza na anapaswa kupaza sauti.

Msimamizi wa wadi ni mtu wa kaunti. Watu wengi humchanganya na chifu kwa sababu wote wawili huitisha baraza. Kabla hujaongea, uliza: wewe umetumwa na serikali ipi?

Nifanye nini ili neno langu lisikike?

Kwanza, jua kalenda ya bajeti. Kufikia tarehe 28 Februari kaunti inapaswa kuwasilisha mkakati wake wa fedha. Kufikia 30 Aprili makadirio ya bajeti yawe mbele ya bunge la kaunti, na kufikia 30 Juni yawe yameidhinishwa. Ukija Julai kuomba kisima kiwemo katika bajeti ya mwaka huo, umechelewa.

Pili, kushiriki ni haki yako chini ya Katiba, na mkutano wa maoni haufanywi kwa hisani ya mtu. Ukiitwa, nenda na jambo moja mahususi. "Tunataka maendeleo" ni rahisi kulisahau. "Mfereji wa kijiji chetu umeziba kwenye kingo za mto na mashamba hayapati maji" litaandikwa. Hakikisha limeandikwa. Omba usomewe.

Tatu, omba habari. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba nakala ya mkataba, bajeti au ripoti kutoka ofisi ya umma. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Kama hujui kuandika, sema kwa mdomo, na afisa anawajibika kukuandikia ombi lako. Hulipi chochote kwa kuomba, labda gharama ya kutoa nakala tu. Jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21, na kama ni suala la uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48.

Nne, unaweza kupeleka ombi rasmi kwenye bunge la kaunti, wewe peke yako au pamoja na kijiji kizima.

Kwa nini tuzichimbue habari za zamani?

Kwa sababu mazoea huishi muda mrefu kuliko sheria. Sheria ya kutufunga imekufa, lakini utaona bado mtu mzima akivua kofia na kuinamisha kichwa kuomba dawa za zahanati, kana kwamba anaomba mfukoni mwa mtu. Utamwona kiongozi akikata utepe wa kisima na kupigiwa makofi kama aliyetoa mbuzi wake mwenyewe. Fedha za kisima kile ni kodi, ikiwemo ile uliyolipa uliponunua sukari.

Pia kwa sababu pasi hazijaisha nchini kwetu. Katika kaunti hii hii, Kakuma, wanaishi watu waliokimbia vita tangu 1992, na mkimbizi bado anahitaji kibali ili asafiri nje ya kambi. Sisi ambao wazazi wetu walizuiliwa kwa karatasi tunajua maana yake. Wao si wageni wa kusukumwa pembeni tunapozungumzia haki ya kutembea.

Gavana wa zamani alitawala watu ambao hawakuwa na mahali pa kumuuliza. Huyu wa leo anatawala watu wenye mahali, tarehe na sheria ya kumuulizia, na asipoulizwa atazoea kutoulizwa. Kwa hiyo mzee akiinua fimbo barazani, asiambiwe aketi kwa sababu muda umekwisha. Swali lake liandikwe neno kwa neno, limetoka kijiji gani, na pembeni yake iandikwe tarehe ya kulijibu. Baraza lijalo tuanzie hapo, kabla ya hotuba yoyote.